Safari ya marafiki wa mtandaoni: tupange kwa mfuko wa mwenye kidogo

Kimya changu kilikuwa cha testi na asaimenti, si kingine. Leo nimerudi jamvini na mada ambayo najua wengi wenu inawahusu. Mna kundi la watu mnaochati kila siku, mnaitana majina ya utani, mnacheka mpaka usiku wa manane, na hamjawahi kuonana sura. Halafu siku moja mmoja anauliza, "Hivi sisi tutaonana lini?" Hapo ndipo kasheshe huanza.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nao. Safari ya kwanza ya marafiki wa mtandaoni ipangwe kwa mfuko wa mwenye kidogo kuliko wote. Iwe ya siku moja, na iwe mahali pa wazi. Anayetaka kula bata wiki nzima aandae yake baadaye, hakatazwi mtu. Lakini ile ya kwanza, ile ya kuonana, tusiigeuze kuwa mtihani wa nani ana hela.

Kwa nini nasema hivi? Kundi letu tulikuwa 23, wote tunasomea ualimu lakini vyuo tofauti: wapo wa Dar, Dodoma, Morogoro na Iringa. Kilichotukutanisha ni TP. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika mashuleni kwa awamu mwaka 2024, na kila mtu alikuwa na maswali yake. Mmoja anatuma andalio la somo, mwingine azimio la kazi, mwingine anauliza afanyeje na darasa la wanafunzi 90 na vitabu vitano. Nakwambia, bila watu wale ile TP ingenitoa jasho mara mbili. Kwa hiyo wazo la kuonana lilipokuja, sote tulilipokea kwa shangwe.

Basi akatokea kaka mmoja, mchangamfu kweli, akaja na mpango: Zanzibar, siku tatu, shilingi 250,000 kila mtu, boti na malazi ndani yake. Vikaragosi vya kucheza vikamiminika. "Nipo!" "Mimi wa kwanza!" Ukihesabu, watu 19 walisema ndiyo. Ulipofika wakati wa kutuma kianzio cha 100,000, waliotuma ni wanne. Kundi likawa kimya kama darasa lililoulizwa swali la hesabu. Ndipo mmoja wa wale wanne akaandika, "Asiye na hela aseme, asitucheleweshe."

Unajua nani aliondoka kwenye kundi usiku ule? Ni dada mmoja wa Iringa ambaye ndiye aliyekuwa akitukalisha mpaka saa sita usiku kutuelekeza andalio la somo la mtindo mpya. Mtu ambaye sote tulitaka kumuona kwa macho kuliko mwingine yeyote. Hakugombana na mtu, hakuaga. Tuliona tu ule mstari mdogo kwamba ametoka.

Sasa jamani, tufanye hesabu za darasa la nne. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka 8,500. Hiyo ndiyo bumu letu. Kwa mwenye bumu hilo, 250,000 ni siku 25 za kula na kulala. Siku 25! Na hapo nazungumzia mwenye mkopo. Wapo wasiopata mkopo kabisa, wanategemea mama anayeuza vitumbua au kaka anayeendesha bodaboda. Wapo wanaopata bumu na nusu yake inakwenda nyumbani kwa sababu kuna mdogo wake yupo sekondari na anahitaji daftari na sare. Huyo akisema "ndiyo" kwenye kundi anasema kwa moyo, lakini mfuko haujasema kitu.

Na hapa ndipo marafiki wa mtandaoni wanatofautiana na marafiki wa hosteli. Rafiki yangu wa chumba namjua. Najua wiki gani anakula chipsi kavu mara moja kwa siku, kwa hiyo siwezi kumwambia twende sehemu ya 30,000 wiki hiyo. Sihitaji hata kumuuliza. Wa mtandaoni namuona kwa picha aliyochagua kunionesha: amevaa vizuri, amesimama mbele ya gari (la nani, Mungu anajua). Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtandaoni hali ni mbaya zaidi, maana hata mwenye njaa anaonekana ameshiba. Ndiyo maana nasema mpangaji asikisie mifuko ya watu. Aulize, na aulize faraghani.

Nina pendekezo la namna ya kuuliza. Kabla ya kutaja mahali popote, mtu mmoja anayeaminika na wengi amtumie kila mwanakundi ujumbe binafsi wenye maswali matatu: ni Jumamosi au sikukuu gani huwezi kabisa? Kiasi gani unaweza kutoa bila kukosa kula? Kuna jambo lolote tulijue (afya, swala, ruhusa ya nyumbani)? Majibu ya hela yabaki kwake. Asitangaze fulani kasema ngapi. Achukue ile namba ya chini kuliko zote, aseme, "Kikomo chetu ni hiki," kisha ndiyo mtafute mahali panapoenea ndani ya kikomo. Sisi tulifanya kinyume: tulichagua bahari kwanza, halafu tukaanza kutafuta hela ya kuifikia.

Haya, mtasema nakosoa tu sileti mbadala. Mbadala huu hapa: Morogoro, siku moja.

Sababu ya kwanza ni ramani. Kwa watu wa Dar, Dodoma na Iringa, Moro ndiyo njia panda. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati ule kutoka Dar hadi Moro ilikuwa 13,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 26,000 (mkiamua kwenda, hakikisheni nauli ya siku hiyo). Basi la kawaida ni nafuu zaidi, ila linakula muda. Kwa treni unatoka asubuhi, unakula chakula cha mchana Moro, na usiku unalala kitandani kwako.

Sababu ya pili ni kwamba kuna kitu cha kufanya kisichokamua mfuko. Milima ya Uluguru ipo pale pale juu ya mji. Unaweza kupanda kwa miguu mpaka Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani, ukiwa na mwenyeji wa kuwaongoza njia, na mji mzima unauona chini yako. Halafu sisi walimu watarajiwa tuna la kujifunza pale: maji ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar tunayaoga na kuyanywa, yanaanzia kwenye milima ile. Mwenzetu wa Jiografia anaweza kutusomesha bure tukiwa tumekaa juu ya jiwe. Na kupanda mlima kuna faida moja ambayo ufukwe hauna: watu wanaongea. Ukiwa unahema na mwenzako anahema, aibu ya kukutana mara ya kwanza inaisha yenyewe.

Gharama kwa mtu wa Dar, kwa makadirio yangu: treni 26,000, daladala na bajaji huku na kule 6,000 (kumbuka stesheni ya SGR ya Moro ipo Kihonda, si katikati ya mji), chakula na maji 9,000, mwongoza njia na ada ndogondogo 5,000, akiba ya dharura 4,000. Jumla 50,000. Hizo ni siku tano za bumu. Bado ni hela, sikatai, lakini siku tano mtu anaweza kuzikusanya kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Siku 25 hawezi.

Wa Iringa je? Kutoka kwao mpaka Moro ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa. Hao wafike jana yake, walale kwa wenyeji waliopanga mtaani, wadada kwa wadada na wakaka kwa wakaka, kwa sababu hosteli za vyuo zina sheria zake za wageni. Na nauli yao tuisawazishe. Mwanakundi anayeishi Moro atatumia kama 16,000 tu siku ile, maana hana treni wala basi. Wenyeji wanne wakiongeza 10,000 kila mmoja, hiyo ni 40,000, na watu wawili wa Iringa wanapunguziwa 20,000 kila mmoja. Mwenyeji bado atakuwa ametumia 26,000, karibu nusu ya mtu wa Dar. Hapo hakuna aliyepewa msaada, tumegawana umbali tu.

Kuhusu tarehe, msichague kwa hisia. Almanaka za vyuo hazifanani, kwa hiyo sikukuu za kitaifa ndizo zinazotukuta wote mapumzikoni. Lakini angalieni na hali ya hewa. Tarehe 26 Aprili ni Muungano, nzuri kwa kalenda, ila ni katikati ya masika, na njia ya Uluguru wakati wa masika ni utelezi mtupu. Nane Nane wengi tuko TP. Mimi napendekeza tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi, au Jumamosi iliyo karibu nayo. Na tafadhali sana, msipige kura ya safari siku bumu linapoingia! Siku hiyo kila mtu ni tajiri. Pigeni kura wiki ya mwisho kabla halijaingia, ndipo mtapata majibu ya kweli.

Sasa tuje kwenye mshiko, maana hapa ndipo urafiki mwingi hufia. Anayepanga safari asiwe ndiye anayetunza hela. Si kwamba ni mwizi, ila kazi mbili hizo zikikaa kwa mtu mmoja, siku hesabu ikipishana hata kwa elfu tano hakuna wa kumsafisha. Watunzaji wawe wawili kutoka vyuo tofauti, au mtumie huduma za vikundi za kwenye simu kama M-Koba, ambazo zimewekwa kwa ajili ya fedha za pamoja. Kila Jumapili mtunzaji atangaze jumla na idadi ya waliolipa, basi. Risiti ya kila mtu aitume kwa mhusika mwenyewe. Ile tabia ya kubandika orodha ya majina, huyu kalipa, huyu bado, huyu kalipa nusu, inawageuza wenzetu kuwa wadaiwa sugu kabla hata hatujaonana. Na wekeni kanuni ya kurudisha tangu siku ya kwanza: anayejitoa wiki mbili kabla anarudishiwa yote. Mtu akijua hela yake inaweza kurudi, haogopi kuitoa.

Wadada wenzangu, hili la usalama ni letu zaidi, lakini na wakaka msikilize. Ukweli ni kwamba tunayechati naye miezi minane bado hatumjui. Kuna njia rahisi ya kuanzia: mtumie shilingi 500 kwa simu. Kabla hujathibitisha, jina la aliyesajili laini linatokea, na laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Jina likiwa tofauti na alilokwambia, muulize. Inawezekana laini ni ya mama yake, inawezekana kuna jingine. Hiyo peke yake haitoshi, kwa hiyo mpigiane simu ya video kundi zima walau mara mbili kabla ya safari. Hata tiketi ya SGR inakatwa kwa jina na kitambulisho, kwa hiyo yale majina yetu ya utani yatabaki nyumbani siku hiyo.

Mengine ni ya kawaida lakini tunayasahau. Mkutane mchana, mahali penye watu, kama stesheni au stendi ya Msamvu. Mtu mmoja wa nyumbani na mwenzako wa chumba wajue unakwenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi. Nauli ya kurudi kaa nayo mwenyewe, usimpe mtu akutunzie. Na hapa ndipo uzuri wa siku moja unapoonekana. Jaribu kumwambia mama, "Nakwenda kulala siku tatu Zanzibar na watu niliowapata kwenye simu," uone atakavyokujibu. Mwambie, "Tunakwenda Moro kupanda mlima na walimu wenzangu, saa tatu usiku nimerudi," hapo mnaweza kuongea. Kuna wasichana kwenye kundi letu ambao hela wanayo, kilichowakwamisha ni kulala nje tu. Nao pia tuliwahesabu kama waongo waliosema ndiyo halafu wakakimbia.

Najua zipo hoja za upande wa pili, na nimezisikia.

Wapo wanaosema wenye nacho wawachangie wasio nacho, safari kubwa ibaki palepale. Nia ni njema. Lakini jiweke wewe kwenye nafasi hiyo. Siku ya kwanza kuonana na watu, na wote wanajua boti yako imelipiwa na fulani. Utacheka kwa uhuru? Utakataa akikutuma maji? Kuchangiana kunapendeza baada ya watu kuzoeana. Kukitangulia, kunazaa bosi na watumishi wake.

Wengine wanasema safari ya bei ya chini haina raha. Kwa heshima zote, napinga. Kama raha yenu inategemea hoteli, basi mnachotaka ni hoteli, na mnaweza kwenda hata na watu msiowajua. Sisi tulichokuwa tunakitaka ni kumuona yule anayetuchekesha saa sita usiku, kumsikia sauti yake ikoje, kujua kama kweli ni mfupi kama anavyosema. Hivyo havihitaji 250,000.

Na wapo watakaosema 50,000 nayo ni nyingi. Hao nawaelewa kuliko wote, na kanuni yangu inawalinda wao kwanza. Kama maswali ya faraghani yakirudi na kikomo cha 10,000, basi Moro isubiri. Waanze wa mji mmoja mmoja: wa Dar tukutane Coco Beach jioni, muhogo na kachumbari, wa Dodoma wakutane kwao, wa Iringa kwao, halafu tupigiane video sote kwa saa moja. Mwakani tutaongeza. Kuliko kumpoteza mtu kwa ajili ya safari, afadhali safari ichelewe.

Nilichokiandika hapa nimekipeleka pia kwenye kundi letu. Tumebaki 20 sasa, na kura inapigwa wiki hii: Zanzibar ya wanne, au Moro ya wengi. Wale wanne wakitaka kwenda Zanzibar waende salama, tutafurahia picha zao, ila wasiiite safari ya kundi. Na yule dada wa Iringa nimemwandikia pembeni. Sikumuomba arudi wala sikumuuliza kuhusu hela. Nimemuuliza yale maswali matatu tu, kama nitakavyomuuliza kila mtu, na nimemwambia tarehe haitapangwa kabla jibu lake halijafika. Tiki mbili zimeshakuwa za bluu. Nasubiri.

Sijui nyie wadau mnaonaje. Kuna kundi lililowahi kufanikisha safari kama hii? Mlitunzaje hela? Mlimfanyaje aliyekwama dakika za mwisho? Tumeni uzoefu wenu, hasa nyie wa Moro mnaojua bei za bajaji, msije mkatuacha tukapigwa. Nawasilisha.

Tuko pamoja!